Kingamwili kutoka chupa ya seli: mwongozo kamili wa kuzalisha na kusafisha kwa HEK293

Kazi yetu ni hii: unazipa seli DNA yenye jeni ya kingamwili, zinakutengenezea kingamwili hiyo, nawe unaisafisha. Siku ya kuingiza DNA kwenye seli huchukua kama saa mbili tu. Ndiyo siku inayopigwa picha, na ndiyo siku mwanafunzi mgeni anaitwa aje aone. Lakini katika kazi zangu zilizoharibika, sikumbuki hata moja iliyoharibika siku ile. Ziliharibika majuma matatu nyuma: seli zilizoachwa zikasongamana tangu Ijumaa hadi Jumatatu, plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni) iliyosafishwa kwa pupa, midia (maji ya virutubisho ya kukuzia seli) iliyobadilishwa bila mtu kusoma lebo. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maandalizi, na ukiona siku yenyewe nimeipita haraka, ujue ni makusudi.

Mfano tutakaoufuata ni mdogo: mililita 30 za seli, kingamwili moja ya binadamu ya aina ya IgG1, ambayo mfuatano wake umeshachapishwa. Chukulia ni moja ya zile zinazoshika protini ya CSP juu ya vimelea vya malaria, ukoo wa L9LS iliyojaribiwa kwa watoto Mali na magharibi mwa Kenya. Lengo si dawa ya kumchoma mtu. Lengo ni miligramu moja au mbili za kutumia kwenye vipimo vya maabara.

Seli gani, na kwa nini

Bakteria wa E. coli hufaa sana kwa protini ndogo. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa humo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Kingamwili nzima ni habari nyingine. IgG ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi: minyororo miwili mizito ya 50 na miwili myepesi ya 25, imefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa, na kwenye asidi amino namba 297, asparajini, ya kila mnyororo mzito kuna kishada cha sukari. Kishada hicho kikikosekana kingamwili bado itashika shabaha yake, ila mkia wake hautazungumza vizuri na seli za kinga. Bakteria wa kawaida wa maabara hawezi kuivisha protini sukari ya namna hiyo.

Viwanda vya dawa hutumia zaidi seli za CHO, za ovari ya hamsta wa China, ambazo Theodore Puck alianza kuzikuza mwaka 1957. Dawa ya tPA ya kuyeyusha damu iliyoganda ilitoka humo na kuruhusiwa mwaka 1987. Shida ni kwamba ukoo wa kudumu wa CHO, wenye jeni yako ndani ya kromosomu, hudai miezi ya kuchuja koloni moja moja. Kwa miligramu mbili hiyo ni kuchimba kisima ili unywe glasi moja ya maji.

HEK293 ndizo za kwetu. Zilipatikana Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, kutoka figo ya kijusi, zikapewa vipande vya DNA ya adenovirusi. Namba 293 ni hesabu ya jaribio la Frank Graham, haina fumbo lolote. Zinapokea DNA kwa urahisi, na ndani ya siku tano au sita zinamwaga protini yako kwenye midia kabla plasmidi haijapotea. Tafuta zile zilizozoeshwa kuelea, zisizohitaji seramu. Seramu ya ng'ombe imejaa kingamwili za ng'ombe, nazo zitang'ang'ania rezini yako (chembechembe za kunasia kingamwili) siku ya kusafisha.

Kabla ya kuagiza chochote, kamilisha kibali. Seli zilizobadilishwa jeni hufanyiwa kazi kwenye maabara ya usalama wa kibayolojia daraja la 2. Kenya kuna sheria ya mwaka 2009 na mamlaka yake ya taifa ya usalama wa kibayolojia. Tanzania kuna kanuni za mwaka huohuo zinazosimamiwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Anza na kamati ya taasisi yako, na anza mapema, kwa sababu karatasi hizi haziendi kwa mwendo wa seli.

DNA: plasmidi mbili, tena safi

Mnyororo mzito unakaa kwenye plasmidi yake na mwepesi kwenye yake. Kila plasmidi inahitaji promota yenye nguvu, yaani kipande cha DNA kinachoamuru jeni isomwe (ya kirusi cha CMV ndiyo ya kawaida), herufi GCCACC mbele kabisa ya ATG, herufi za kuanzia jeni, ili ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ijue pa kuanzia, kisha peptidi ishara, kisha jeni, kodoni (herufi tatu za DNA) ya kusimamisha na mkia wa poli-A. Peptidi ishara ni asidi amino kama 20 za mwanzo zinazoipeleka protini kwenye njia ya kutokea nje, kisha hukatwa. Ukiisahau, protini itabaki ndani ya seli, nawe utatafuta kwenye midia kitu ambacho hakikutoka. Nimemwona mtu akitafuta hivyo mwezi mzima.

Jeni yenyewe huna haja ya kuihangaikia kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi. Tuma mfuatano wa asidi amino kwa kampuni inayounda DNA na uombe kodoni zipangwe kwa seli za binadamu. Mara nyingi sehemu inayobadilika tu, ile inayotofautiana kati ya kingamwili moja na nyingine, ndiyo huagizwa, ikapachikwa kwenye plasmidi ambayo tayari ina sehemu isiyobadilika. Zile herufi LS kwenye jina la L9LS ni mabadiliko mawili ya mkia, M428L na N434S, yanayoifanya kingamwili ikae muda mrefu zaidi mwilini. Kwa vipimo vya maabara huyahitaji, lakini ukiyaacha andika hivyo kwenye daftari. Miaka miwili baadaye mtu atauliza.

Plasmidi zikishafika, ziingize kwenye bakteria, kuza, safisha DNA kwa seti ya kampuni inayoondoa endotoksini, sumu ya bakteria. Utahitaji mikrogramu 1 ya DNA kwa kila mililita ya seli, yaani mikrogramu 30 kwa mfano wetu, lakini tengeneza angalau 500 kwa mara moja ili majaribio yote yatumie DNA ileile. Pima usafi kwa uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 na 280: uwe kati ya 1.8 na 2.0. Pitisha kidogo kwenye jeli ya umeme, inayotenganisha molekuli, uone kwamba nyingi imejikunja vizuri. Soma mfuatano wa jeni yote, usisome mwanzo tu. Kisha ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, maana tangu hapa haitaonja tena dawa ya kuua bakteria.

Weka pia akiba ya bakteria wenye plasmidi hiyo kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri. Protini ikiisha, hapo ndipo pa kurudi.

Kutunza seli

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea.

Toa kichupa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kiyeyushe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika moja au mbili hadi kibaki kipande kidogo cha barafu, kisha seli ziende kwenye mililita 30 za midia yenye joto, kwenye chupa ya kutikisa ya mililita 125 yenye kifuniko kinachopitisha hewa. Usijaze zaidi ya hapo. Mashine ya kutikisa iende mizunguko 120 hadi 130 kwa dakika, nyuzi 37, hewa ukaa kati ya asilimia 5 na 8 kulingana na maelekezo ya midia yako.

Hiyo asilimia ina mtego kwa wanaofanya kazi sehemu za juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Asilimia 5 ya hewa ndogo ni hewa ukaa ndogo, na midia itapanda pH. Badala ya kubishana na skrini ya inkubeta, acha midia tupu ilale humo usiku kucha kisha ipime asubuhi: ikiwa kati ya 7.1 na 7.3 uko salama. Ikizidi, pandisha hewa ukaa kidogo kidogo. Otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, nayo ni hivyohivyo: amini kipimajoto kinachosoma 121, usiamini mshale wa presha peke yake.

Hesabu seli kila unapozigawa. Changanya sawa kwa sawa na tripani bluu, weka kwenye hemositomita, kioo chenye miraba cha kuhesabia seli, hesabu kona nne, chukua wastani, zidisha kwa 2 kisha kwa 10,000. Seli zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai hukataa. Uhai uwe juu ya asilimia 95. Zigawe hadi 300,000 au 500,000 kwa mililita, na usiziache zipite milioni 3 au 4. Zikiwa na afya zitaongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hivi. Zikianza kuchukua saa 35, usijipe moyo. Yeyusha kichupa kingine. Baada ya kuyeyusha, zigawe angalau mara tatu kabla ya kuzidai kazi, na ukifika mgawo wa 25 au 30, tupa uanze upya.

Bakteria na ukungu utawaona: midia imechacha, imekuwa na mawingu. Maikoplazma, bakteria wa aina nyingine, huwaoni. Ni wadogo kiasi cha kupenya kichujio cha 0.22, hawachafui midia machoni, wanapunguza tu mavuno hadi ulaumu DNA. Pima kwa PCR kila mwezi, na kila seli mpya inayoingia maabara, hata ikitoka kwa rafiki. Hasa ikitoka kwa rafiki.

Na umeme. Ukikatika, inkubeta iliyofungwa mlango hushika joto kwa muda, ila mashine ya kutikisa husimama papo hapo, na seli huzama chini zikakosa oksijeni. Kama una betri moja tu ya akiba, mpe mtikisaji kabla ya kompyuta. Usiku mmoja wa masika tulipokezana kuzungusha chupa kwa mkono kila baada ya dakika kumi hadi umeme uliporudi saa tisa. Seli zilipona. Sisi ndio tuliochelewa kazini.

Siku ya kuingiza DNA

Tutatumia polietilenimini, ambayo kila mtu huiita PEI. Ni polima yenye chaji chanya inayoifunga DNA yenye chaji hasi na kuibebesha hadi ndani ya seli. Ni rahisi mno kuliko seti za kampuni, na kwa kazi hii inatosha. Nunua ya mnyoofu, ile ya chumvi ya hidrokloraidi inayoyeyuka kwenye maji bila kuchemshwa. Tengeneza miligramu 1 kwa mililita, rekebisha pH iwe 7.0, chuja, gawa kwenye tyubu ndogo na ugandishe. Iliyoyeyushwa usiigandishe tena.

Swali la kuuliza kabla ya siku hii: je, midia yako ina dawa ya kuzuia seli kugandana? Midia nyingi za seli za kuelea huwa nayo, mara nyingi heparini au salfati ya dekstrani, na hizo zina chaji hasi. Zitainyakua PEI kabla DNA haijafika. Tumia midia isiyo nayo siku hii.

1. Jana yake gawa seli ziwe kama milioni 1 kwa mililita, ili leo ziwe zinakua kwa kasi.

2. Hesabu. Chukua seli milioni 60 zenye uhai wa asilimia 95 na zaidi. Zizungushe kwenye sentrifuji kwa g 300 (mara 300 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 5, mwaga midia ya zamani, zirudishe kwenye mililita 27 za midia mpya yenye joto.

3. Kwenye tyubu moja weka mililita 1.5 za midia na mikrogramu 30 za DNA: 12 za mnyororo mzito na 18 za mwepesi. Mwepesi ukizidi kidogo husaidia, kwa kuwa mnyororo mzito usio na mwenzake hukwama ndani ya seli.

4. Kwenye tyubu ya pili weka mililita 1.5 za midia na mikrolita 90 za PEI, yaani uwiano wa 3 kwa 1.

5. Mimina PEI kwenye DNA, tikisa, subiri dakika 15. Usiende kunywa chai. Baada ya nusu saa vifungu vya DNA na PEI vinakuwa vikubwa mno na kuua seli.

6. Dondosha mchanganyiko kwenye seli huku ukizungusha chupa polepole. Rudisha kwenye inkubeta.

Andaa pia chupa mbili ndogo: moja iliyopewa plasmidi ya protini ya kijani, GFP, na nyingine isiyopewa kitu. Bila hizo hutajua kosa liko wapi.

Kesho yake, saa 18 hadi 24 baadaye, ongeza asidi ya valproiki ifike milimola 3 na triptoni ifike asilimia 0.5. Ya kwanza huiacha DNA wazi isomwe zaidi, ya pili ni chakula. Siku ya pili tazama chupa ya GFP kwa hadubini ya fluresensi. Nikiona zaidi ya theluthi mbili za seli zinang'aa, naendelea na shughuli nyingine. Zikiwa chini ya theluthi, huwa sipotezi rezini, naanza tena.

Kuvuna

Pima uhai kila siku kuanzia siku ya nne. Ukishuka chini ya asilimia 70 hivi, vuna, kwa kawaida siku ya tano au ya sita. Tamaa ya siku moja zaidi hugharimu: seli zinazopasuka humwaga vimeng'enya vinavyoikata protini yako. Zungusha kwa g 300 dakika 10 kuondoa seli, kisha maji ya juu uyazungushe kwa g 4,000 dakika 30, halafu uchuje kwa 0.22. Kila kitu kiwe kwenye barafu. Seli na vyombo vimwagiwe klorini ya kufulia ifike sehemu moja kwa kumi, nusu saa, ndipo viende kwenye sinki.

Kwenye safu ya Protini A

Safu ni mrija uliojazwa rezini yenye Protini A. Protini A ni ya bakteria Staphylococcus aureus, nayo hushika mkia wa IgG1 kwa nguvu. Kwa mililita 30 zetu, mililita moja ya rezini inatosha na kubaki. Angalizo: IgG3 ya binadamu haishikwi vizuri, na IgG1 ya panya hushikwa kwa ulegevu, kwa hizo tumia Protini G.

Osha rezini kwa PBS, maji ya chumvi yenye fosfeti, pitisha maji ya juu polepole, kisha osha tena kwa PBS mara 10 hadi 20 ya ujazo wa rezini hadi kipimo cha 280 kirudi karibu na sifuri. Kabla ya kutoa kingamwili, panga tyubu na katika kila moja weka mikrolita 100 za Trisi, bafa ya kutuliza asidi, ya mola 1, pH 9. Sasa pitisha glisini ya mola 0.1, pH 2.7 hadi 3.0, ukikusanya mililita moja moja. Asidi hiyo huachanisha kingamwili na rezini, lakini ikikaa nayo kingamwili hugandana. Ndiyo maana Trisi inaisubiri tyubuni. Kuna mtu (si mimi, ingawa ningeweza kuwa) aliyepanga tyubu tupu akisema ataongeza Trisi mwishoni. Alipata maziwa mtindi.

Kusanya tyubu zenye protini, zihamishie PBS kwa kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 30 au 50. Yale maji yaliyopita kwenye safu usiyamwage hadi umeona jeli.

Umepata nini?

Pima mwanga wa nanomita 280 na ugawe kwa 1.4; hiyo ni miligramu kwa mililita. Kwa PEI, makumi ya miligramu kwa lita ni mavuno ya heshima, kwa hiyo kutoka mililita 30 tarajia kati ya nusu miligramu na mbili. Kuna mifuatano ambayo haitoi hata hivyo, na si kosa lako.

Kwenye jeli, bila kuvunja vifungo, uone mstari mmoja karibu na 150. Ukivunja vifungo uone 50 na 25. Mstari wa 25 ukiwa mnene kupita kiasi, una myepesi iliyobaki bila wenza. Kuna ulazima wa kupima pia kama imegandana, kwa safu ya kutenganisha kwa ukubwa, maana jeli itakuficha hilo. Mwisho ELISA, kipimo cha kuona kama kingamwili inashika shabaha yake: CSP kwenye sahani, kingamwili yako kwa dozi zinazoshuka, na pembeni IgG1 nyingine isiyohusiana na malaria. Zote mbili zikishika, hujapima chochote.

Mavuno yakiwa duni, rudi kwenye chupa ya GFP. Ikiwa nayo ilikuwa hafifu, tatizo ni seli, PEI au midia. Ikiwa iling'aa vizuri, tatizo liko kwenye plasmidi zako: soma tena mfuatano, angalia peptidi ishara, kisha jaribu uwiano wa minyororo wa 1 kwa 1, 1 kwa 2 na 1 kwa 3 kwenye chupa ndogo.

Kama si kingamwili

Protini nyingine hufuata njia hiyohiyo, ila kwa plasmidi moja, na badala ya Protini A unaiongezea histidini sita mkiani na kuikamata kwa nikeli. Osha kwa imidazoli, kemikali inayoshindana na histidini kwenye nikeli, milimola 20, toa kwa 250 au zaidi. Midia yenye EDTA, kemikali inayonyakua metali, itaing'oa nikeli, rezini ya buluu igeuke nyeupe mbele ya macho yako. Badilisha bafa kwanza.

Kwa protini za malaria kuna jambo la kukaa nalo. Kimelea hakivishi protini zake sukari ya aina ya N kama tunavyofanya sisi, lakini seli ya HEK ikiona asparajini, kitu chochote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini, itavisha tu. Sukari hiyo inaweza kufunika mahali ambapo kinga ingeshika. Waliotengeneza RH5.1, chanjo ya majaribio iliyofika hadi kwa watu wazima na watoto wa Bagamoyo, waliondoa maeneo hayo kwa kubadilisha threonini kuwa alanini, na wakaizalisha kwenye seli za S2 za nzi wa matunda. Kabla ya kuagiza jeni, pitia mfuatano wako ukitafuta utatu huo kwa macho. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhifadhi

Ichuje kwa mara ya mwisho, igawe kwenye tyubu za mikrolita 50 au 100, igandishe haraka na kuiweka nyuzi 80 chini ya sifuri. Tyubu moja iache kwenye friji ya nyuzi 4 kwa kazi ya juma hili. Ukiiongezea azidi ya sodiamu isioze, andika hivyo kwa herufi kubwa, kwa sababu ni sumu na itaua seli za jaribio linalofuata. Kwenye lebo weka jina, namba ya kundi la uzalishaji, miligramu kwa mililita, bafa na tarehe, kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli. Na zigawanye tyubu kwenye friza mbili zisizo kwenye saketi moja ya umeme.